Upepo, Jasho na Deni: Bahati na Juhudi katika Historia ya Wafanyabiashara wa Kihindi wa Afrika Mashariki

Kila mwaka ifikapo Diwali, wafanyabiashara wa jumuiya yetu huleta madaftari mapya ya hesabu mbele ya Mama Lakshmi, mwenye neema na utajiri. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan. Kabla ya tarakimu yoyote kuandikwa, ukurasa wa kwanza hupambwa kwa maneno mawili: Shubh, yaani heri, na Labh, yaani faida. Wazee wetu waliyaandika maneno hayo Mandvi na Porbandar, wakayaandika Unguja, Bagamoyo na Mombasa, nasi twayaandika hadi leo, ijapokuwa hesabu nyingi sasa zimo ndani ya kompyuta. Mpangilio wake una maana. Heri hutangulia, faida hufuata. Na heri ni kitu ambacho mtu huombewa, wala hawezi kujitengenezea peke yake.

Hata hivyo, tunapowasimulia watoto wetu habari za babu zao, mara nyingi twaruka neno la kwanza. Twasema babu alishuka jahazini akiwa na sanduku la bati, akalala juu ya magunia ya duka, hakujua sikukuu wala usingizi, na kwa jasho lake akasimama. Nje ya nyumba zetu, kwenye baraza za majirani, simulizi ni nyingine: Mhindi alikuta njia imeshasafishwa, serikali ya kikoloni ikampendelea, ndugu zake wakamshika mkono, naye akapata kwa bahati kile ambacho wengine walinyimwa kwa amri.

Katika toleo hili la maadhimisho ya hekalu letu, linalosomwa na waumini pamoja na majirani, tumeona vema tuziweke simulizi hizi mbili mbele ya historia na kuzipima. Tunafanya hivyo kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Katika kizazi kimoja tu, swali la nani alistahili mali yake na nani hakuistahili liliwagharimu watu makao yao, na wengine uhai wao. Jumuiya isiyojua mali yake ilitoka wapi haiwezi kujua inawiwa nini na nani.

Kaskazi, kusi na forodha

Historia hii inaanza na upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi huvisukuma vyombo kutoka Bara Hindi na Uarabuni hadi pwani yetu. Kuanzia Aprili hadi Septemba, kusi huvirudisha. Kwa karne nyingi majahazi ya Kutch na Kathiawar yalileta nguo na nafaka, yakarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Hakuna mfanyabiashara aliyeuvumisha upepo ule kwa bidii yake. Lakini nahodha asiyejua nyota, asiyejua miamba, au aliyechelewa kutweka tanga hadi msimu ukapita, hakufika popote.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan wa Oman alihamishia makao yake Unguja. Badala ya kuajiri maofisa wa kukusanya ushuru, aliikodisha forodha: mfanyabiashara alimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Tangu miaka ya 1830, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, iliishika forodha hiyo kwa miongo mingi. Wakala wake Unguja, Ladha Damji, alijulikana na kila mgeni aliyetaka kuingia bara. Burton na Stanley wote walipita mikononi mwake kabla ya safari zao. Nyumba hiyo iliwakopesha wenye misafara, wenye mashamba ya mikarafuu, na hata ukoo wa Sultani.

Je, huo ulikuwa utajiri wa bahati au wa juhudi? Kuweka hesabu za mawakala walioenea Mrima, Bombay na Muscat katika zama zisizo na simu, na kujua ni nani atalipa na ni nani atakimbia, ilikuwa kazi ya akili na uvumilivu mkubwa. Wafanyabiashara hao wa Kihindu waliishi miaka mingi mbali na wake zao, kwa kuwa wakati ule mila iliwazuia wanawake kuvuka bahari. Lakini Jairam hakumleta Said Unguja. Wala hakuumba hamu ya pembe iliyoenea Ulaya na Marekani, ambako mafundi wa New England walizikata pembe za Afrika kuwa vibao vya piano. Mlango ulifunguliwa na wengine. Yeye alikuwa karibu nao, na alikuwa tayari.

Tena yafaa tuulize jasho lilikuwa la nani. Pembe zilifika Bagamoyo juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, kwa mamia ya kilomita za vumbi, kiu na homa. Karafuu zilipandwa, zikapaliliwa na kuchumwa na watumwa. Hatuwezi kuifunika sehemu hii kwa maua ya sherehe. Mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi iliendesha misafara na mashamba hayo, na baadhi yao walimiliki watumwa majumbani mwao. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi wa Unguja kuwaacha huru watumwa kwa maelfu. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Lau bidii peke yake ingezaa utajiri, mpagazi wa Kinyamwezi na mtumwa wa shamba la karafuu wangekuwa matajiri wa kwanza wa pwani hii.

Mwaka mmoja kabla ya soko lile kufungwa, bahati ilijionyesha wazi kabisa. Mnamo Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba, iliyo umbali mdogo tu upande wa kaskazini, ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Aliyekuwa amekopesha kwa rehani ya shamba la Unguja alibaki na karatasi. Mwenzake mwenye mikarafuu Pemba aliona bei ikipanda. Hakuna hesabu iliyoweza kuuona upepo ule kabla haujavuma. Wahenga walisema riziki ni kama ajali, huitambui ijapo.

Njaa na reli

Wengi wetu hatutokani na matajiri wa forodha. Tunatokana na watu waliokimbia njaa. Mwaka wa Samvat 1956, yaani 1899 hadi 1900, mvua za msimu zilikosekana magharibi mwa Bara Hindi. Katika Gujarat na Kathiawar mifugo ilikufa malishoni, kisha watu wakafuata. Hadi leo wazee huiita njaa hiyo Chhappaniyo, njaa ya mwaka wa 56. Waliovuka bahari katika miaka iliyofuata wengi walikuwa wakulima: Wapatel wa Charotar, na Waoshwal, ndugu zetu Wajaini, kutoka vijiji vya kandokando ya Jamnagar. Kwa hiyo kauli kwamba Mhindi huzaliwa mfanyabiashara haipatani na historia. Wengi walijifunza biashara baada ya kufika, kwa sababu jembe lilikuwa limewashinda kwao, na hapa hawakupewa ardhi ya kulima. Katika nyanda za juu za Kenya serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu mashamba, Mhindi akazuiwa kuyapata. Alibakiwa na kaunta ya duka.

Katika miaka hiyohiyo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa, tangu 1896 hadi ilipofika Ziwa Nyanza mwishoni mwa 1901. Vibarua 31,983 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab: Waislamu, Wasikh na Wahindu. Hesabu za reli yenyewe zasema kwamba 2,493 walikufa, 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema, 16,312 walirudi baada ya kazi kwisha, na 6,724 walibaki Afrika Mashariki.

Tunawaomba vijana wetu wazitazame tarakimu hizo kwa utulivu. Mkataba wao ulikuwa wa aina moja, jua lilikuwa moja, sururu zilikuwa zilezile. Malaria, vidonda, maporomoko ya mawe na simba wa Tsavo havikuuliza ni nani mvivu na ni nani mchapakazi. Baadhi ya wale 6,724 wakawa mafundi, wakulima wa mboga na wenye maduka, na wajukuu wao husimulia bidii yao kwa haki. Wale 2,493 hawana wajukuu wa kuwasimulia. Hadithi za mafanikio husimuliwa na waliobaki hai. Hilo pekee latosha kutufanya tuzisikilize kwa tahadhari.

Liko jambo jingine ambalo husahauliwa. Wengi wa wenye maduka hawakuwa vibarua wa reli wala watoto wao. Walijilipia nauli, au walilipiwa na mjomba, wakaja wenyewe kutoka Gujarat na kuifuata reli iliyokwisha kujengwa. Kituo kipya kilipofunguliwa, duka lilifunguliwa kando yake. Watu wengine walilipa kwa miili yao, na wengine wakapita juu ya kazi yao kama mtu apitaye juu ya daraja.

Duka na daftari

Tukisema hivyo hatulidharau duka. Ni lazima tueleze lilivyofanya kazi, kwa sababu ndimo bahati na juhudi zilimokutana kila siku.

Kijana alifika akiwa na miaka kumi na kitu. Nauli yake ilikuwa deni. Alimtumikia ndugu aliyemwita kwa miaka kadhaa, akilipwa chakula, malazi na ujira mdogo. Alifagia, alipima sukari na chumvi, alikata kaniki na marekani, akajifunza Kiswahili au Kiganda au Kikamba kutoka kwa wateja kabla hajajifunza Kiingereza. Alipoaminika, alipewa shehena kwa mkopo na kutumwa mahali pasipo na duka, mbali zaidi na reli. Mwenye duka la bara aliwiwa na muuzaji wa jumla wa mji mdogo. Huyu aliwiwa na tajiri wa Mombasa au Dar es Salaam. Naye aliwiwa na nyumba ya Bombay au London. Mnyororo huo uliunganishwa na hundi, na hundi ilisimama juu ya jina la mtu. Aliyeshindwa kulipa mara moja aliweza kusamehewa. Aliyedanganya mara moja, habari zake zilifika Porbandar kabla yake.

Wake walipoanza kuvuka bahari, kazi ya duka iligawanywa mikono miwili, ingawa daftari liliandikwa jina moja. Mke alipika kwa ajili ya familia na wageni, alishona nguo za kuuza, alisimama kaunta mume aliposafiri kufuata bidhaa, na alizalia watoto mahali pasipo daktari. Katika picha nyingi za zamani za ukutani hayumo. Ukumbusho wowote wa juhudi za jumuiya yetu usiomtaja ni pungufu.

Lugha yenyewe imeyahifadhi maisha hayo. Pesa, laki, hundi na gunia ni maneno yaliyovuka bahari pamoja na biashara hiyo. Neno bepari pia. Kwa Kigujarati lilimaanisha mfanyabiashara tu. Kwa Kiswahili likaja kumaanisha tajiri anyonyaye jasho la wengine. Mabadiliko hayo ya maana ni ushahidi wa kihistoria, nasi tunapaswa kuusoma kama tusomavyo ushahidi mwingine. Yaonyesha namna kaunta ileile ilivyoonekana na mtu aliyesimama upande wa pili.

Mtu huyo aliona nini? Aliona kwamba yeye, hata awe na akili na bidii kiasi gani, hakuwa na mjomba wa Mombasa wa kumpa bidhaa kwa ahadi. Na aliona kwamba sheria ilimfungia njia. Katika Tanganyika, sheria ya mwaka 1923 iliwawekea Waafrika vikwazo vya kukopeshwa, kwa madai ya kuwalinda na madeni. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliyetaka kufungua duka alilazimika kuanza kwa fedha taslimu, ambazo hakuwa nazo. Nchini Uganda, mkulima wa pamba aliuza pamba mbichi kwa bei iliyopangwa, huku vinu vya kuichambua vikiwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Haki ya kuchambua pamba yao wenyewe ilikuwa miongoni mwa madai ya wakulima wa Buganda katika ghasia za mwaka 1949. Dau la mnyonge haliendi joshi, na hapa dau lilikuwa limefungwa kamba gatini kwa mkono wa serikali.

Kwa hiyo usemi wa wazee wetu, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, ni wa kweli. Lakini daftari lenyewe lilihitaji mtu wa kuamini kilichoandikwa ndani yake. Imani hiyo ilikuwa mtaji mkubwa kuliko rupia, na kijana wa duka aliirithi, hakuichuma.

Lugazi na Kakira

Wafanyabiashara wawili wa Kihindu hutajwa daima yanapozungumzwa mafanikio ya Wahindi wa Afrika Mashariki, nao wote wawili walitoka upande wa Porbandar.

Nanji Kalidas Mehta alizaliwa Gorana mwaka 1887, akavuka bahari angali mvulana. Alianza na biashara ndogo, akaingia katika pamba, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi, kati ya Kampala na Jinja. Muljibhai Madhvani alizaliwa mwaka 1894, akafika Uganda kijana na kufanya kazi katika maduka ya jamaa zake huko Busoga. Kiwanda chake cha sukari cha Kakira kilianza mwaka 1930. Mehta aliandika habari za maisha yake katika kitabu, na alirudisha sehemu ya mali yake Porbandar, ambako alijenga shule ya wasichana wakati ambapo wengi waliona elimu ya msichana ni anasa.

Bidii ya watu hawa haina shaka. Kiwanda cha sukari hakijengwi kwa bahati nasibu. Mitambo ililetwa kutoka ng'ambo, msitu ulifyekwa, na miwa huvunwa na kusagwa kwa saa zake, la sivyo utamu hupotea. Wengi waliokuwa na fedha za pamba katika miaka ileile hawakuthubutu.

Tuyataje pia yale ambayo hawakuyatengeneza. Mvua za kando ya Ziwa Nyanza huilea miwa vizuri. Reli ya Busoga ilikwisha kufunguliwa mwaka 1912. Pamba, iliyowapa mtaji wa kwanza, ililimwa na wakulima wa Busoga na Buganda kwenye vishamba vyao. Na miwa ilikatwa na vibarua waliotembea kutoka West Nile, Rwanda na Burundi, ambao nao waliacha nyumba zao kwa sababu ya kodi na njaa, kama babu zetu walivyoiacha Kathiawar. Mkata miwa wa Kakira na mvulana wa Porbandar walikuwa wameondoka kwao kwa sababu zinazofanana sana. Tofauti yao kubwa ilikuwa nani aliyewangojea walikofika.

Upepo ulipogeuka

Historia ya mali yetu ina kurasa nyingi za hasara, nazo ni walimu kuliko kurasa za faida.

Allidina Visram, jirani yetu Mwismaili mzaliwa wa Kutch, alifungua maduka kutoka pwani hadi Uganda, mengine kabla reli haijafika. Alikufa mwaka 1916 akiwa na jina kubwa kuliko mfanyabiashara yeyote wa Kihindi wa zama zake. Katika miaka michache biashara ile ilisambaratika. Shule ya Mombasa yenye jina lake bado inafundisha.

Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ya Kenya na Uganda iliifungia rupia kwenye kiwango cha shilingi 2 za Kiingereza, ilhali kabla ya vita ilikuwa shilingi 1 na peni 4. Aliyekuwa na deni la rupia aliona deni lake, likipimwa kwa fedha ya Kiingereza, limeongezeka kwa nusu, pasipo kununua hata pishi moja ya mchele. Papo hapo bei za mazao zikaanguka. Wenye maduka waliofilisika wakati huo hawakuwa wavivu kuliko waliosalia. Walikuwa na madeni katika mwezi mbaya.

Kisha yakaja makubwa zaidi. Mwaka 1959 Waganda walisusia maduka ya Wahindi. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwaua watu wengi, Waarabu na Wahindi, na kuzitawanya familia zilizokaa visiwani kwa vizazi kadhaa. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, sheria ya mwaka 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000; mengi yalikuwa ya Wahindi, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao jengo lile moja lilikuwa ndiyo akiba yao ya uzeeni. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka. Waliondoka na masanduku machache, wakaacha viwanda, maduka, shule na mahekalu.

Mwaka ule ulilijaribu swali letu mara mbili. Maduka yaliyoachwa yaligawiwa askari na wafuasi wa serikali, ambao watu waliwaita mafuta mingi. Walipata kwa siku moja kile kilichojengwa kwa miaka 70, na katika muda mfupi rafu zikawa tupu. Wenzetu wengi huutaja mfano huo kama ushahidi kwamba bahati pasipo kazi haidumu. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Waliopewa funguo hawakupewa mnyororo: hapakuwa na hundi, hapakuwa na muuzaji wa jumla aliyewaamini, wala fedha za kigeni za kuagiza bidhaa. Kuta za duka hazikuwa duka.

Upande wa pili, waliofukuzwa walifika Uingereza wakati wa baridi. Baraza la mji wa Leicester lilitangaza katika gazeti la Uganda likiwasihi wasiende huko; maelfu walienda, na miaka iliyofuata mitaa ya mji huo ilijaa maduka yao. Hapa tunaona juhudi kwa uwazi kuliko popote, kwa maana mtaji ulikuwa umekwisha kuchukuliwa. Hata hivyo walikuwa wamebeba vitu ambavyo hakuna askari wa kizuizini angeweza kuvipekua: elimu, mazoea ya hesabu, ndugu wa kukopeshana, na pia mikono ya wageni waliowapokea kwa blanketi na chai. Na wako wazee ambao hawakuinuka tena, waliofanya kazi za usiku viwandani hadi kufa. Majina yao hayamo katika orodha za mabilionea.

Familia za Mehta na Madhvani zilirudi Uganda katika miaka ya 1980 kufufua Lugazi na Kakira. Wengi wengine hawakurudi.

Shamba na mbegu

Swali la majaliwa na juhudi, daiva na purushartha, ni la kale katika mapokeo yetu. Katika Mahabharata, Yudhishthira anamwuliza Bhishma, aliyelala juu ya kitanda cha mishale, ni kipi kilicho na nguvu zaidi. Bhishma anamsimulia jibu ambalo Brahma alimpa Vasishtha: juhudi ya mwanadamu ni kama shamba na majaliwa ni kama mbegu, na mavuno hupatikana viwili hivyo vikutanapo. Shamba lililotifuliwa vizuri bila mbegu halizai. Mbegu iliyoanguka kwenye gugu haizai pia.

Historia tuliyoisimulia inakubaliana na jibu hilo, na inaongeza swali moja ambalo sisi tulioishi Afrika Mashariki hatuwezi kuliepuka: mbegu ile ilipitia mikono ya nani hadi ikatufikia? Sehemu ya kile tunachokiita bahati ilitoka mbinguni, kama kaskazi na kimbunga. Lakini sehemu kubwa ilitoka kwa watu. Ilitoka kwa mjomba aliyelipa nauli, kwa kibarua wa Punjab aliyezikwa kando ya reli, kwa mpagazi, kwa mkulima wa pamba, kwa mteja aliyetufundisha lugha na kutuvumilia tulipokosea maneno. Sehemu nyingine ilitoka kwa sheria zilizomfungia jirani yetu mlango na kutuachia wazi. Mtu anayekiita hicho chote bahati hujiondolea deni, na anayekiita juhudi yake hulifuta daftarini.

Kwa vijana wetu twasema: msiache kuamini kazi. Ajizi ni nyumba ya njaa, na hakuna mmoja katika simulizi hizi aliyesimama kwa kukaa kitako. Lakini mkifanikiwa, msimtazame aliyeshindwa kana kwamba hakujitahidi, na mkishindwa, msijihukumu kana kwamba upepo haukuwapo.

Kwa majirani zetu twasema: tunaijua sehemu ya hadithi ambayo mmeisimulia kwa muda mrefu, nasi hatuogopi kuiandika. Tunaomba nanyi mwione upande wa pili wa kaunta: mtoto wa miaka 13 aliyelala juu ya magunia akiwa na deni la nauli, na mama aliyezaa gizani mbali na kwao.

Penye kuta za hekalu letu pana mabamba ya marumaru yenye majina ya wafadhili. Ni haki yao kutajwa. Lakini mafundi waashi, wapasua mawe, wachukuzi na maseremala waliojenga kuta zenyewe hawana bamba. Baadhi ya watoto na wajukuu wao wanaishi mitaa ya jirani. Tunawaomba wao, na yeyote mwenye kumbukumbu au picha za wakati wa ujenzi, walete majina hayo kwa kamati ya hekalu, ili yaandikwe mahali panapoonekana, karibu na mlango. Na ifikapo Diwali, tutakapofungua daftari jipya na kuandika Shubh kabla ya Labh, tuyakumbuke majina hayo tunapolitamka neno la kwanza.

Heri iwe kwenu nyote, wa ndani ya uzio na wa nje yake.